Droni ikiharibika angani: namna ya kuishusha bila kumuumiza mtu

Tarehe 22 Desemba 2015, kule Madonna di Campiglio nchini Italia, Marcel Hirscher wa Austria alikuwa anateremka mlimani katika mbio za ski za Kombe la Dunia wakati droni ya kamera ilipoporomoka na kuvunjikia kwenye theluji nyuma yake, hatua chache tu. Haikumgusa, na alimaliza wa pili. Baadaye shirikisho la mchezo huo likapiga marufuku droni za kamera kwenye mashindano yake. Kila nikiitazama video ile nakumbuka kwamba kosa kubwa lilikuwapo hata kabla chochote hakijaharibika: chini ya droni alikuwapo mtu.

Mimi ni mpimaji, na kazi yangu kubwa ni kupiga picha za ardhi ukanda wa pwani: mashamba ya minazi, mikoko, vijiji vya wavuvi. Vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii sasa, na wengi wamefundishwa jambo moja tu kuhusu dharura: bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, kinachoiamuru ndege irudi yenyewe ilikorukia. Kitufe hicho si dawa ya kila ugonjwa. Kinategemea GPS, dira, betri na mota zote. Kama kilichokufa ni kimojawapo cha hivyo, kitufe kinaweza kuimaliza ndege ambayo mikono yako ingeiokoa. Kila kifaa kina jibu lake, na majibu hayo yaamuliwe chini, kabla mota hazijawaka, kwa sababu ukiwa hewani utakuwa na sekunde mbili au tatu za kufikiri.

Majina ya vigezo (mipangilio ya ndege) nitakayotaja ni ya ArduPilot, programu huria inayoendesha droni nyingi za kuunda wenyewe na nyingi za upimaji. Mwenye DJI au chapa nyingine atavikuta vingi kwenye menyu kwa majina tofauti.

Hatua ya 1: Andika kilicho kimoja na vilivyo zaidi ya kimoja

Chukua karatasi. Orodhesha mota, propela, vidhibiti vya mota, betri, GPS, dira, sensa za mwendo, barometa (inayopima kimo kwa shinikizo la hewa), kipokezi cha rimoti na plagi ya umeme mkuu. Pembeni ya kila kimoja andika idadi. Pale penye "1" ndipo ndege yako inaponing'inia.

Anza na mota, maana hapo ndipo watu hujidanganya sana. Droni ya mota nne haina akiba. Mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto, zikisawazishana ili mwili usizunguke. Mota moja ikifa, upande wake unazama, na ile ya upande wa pili haiwezi kusukuma kwa nguvu bila kuipindua ndege. Inabaki kujizungusha na kushuka. Mwaka 2014 Mark Mueller na Raffaello D'Andrea wa ETH Zürich walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba droni ya mota nne inaweza kuongozwa hata ikipoteza propela moja, mbili, au tatu, mradi ikubali kujizungusha muda wote kama pia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zürich na wa Delft nchini Uholanzi wakaonyesha kwamba ndege iliyopoteza rota moja inaweza kujituliza kwa kamera zake yenyewe, bila GPS, huku ikizunguka kwa kasi. Ni kazi nzuri mno. Lakini droni ya dukani uliyonayo mkononi usiihesabie uwezo huo. Ihesabu kwamba mota ikifa, inaanguka.

Droni ya mota sita ina nafasi, kwa sharti la uzito. Mota moja ikifa, kompyuta hulazimika kuipunguza karibu yote ile inayoikabili ili ndege isipinduke, kwa hiyo mzigo uliobebwa na sita sasa unabebwa na nne. Kila iliyobaki inabeba mara moja na nusu. Kama ndege ilitulia hewani kwa asilimia 50 ya nguvu zake, sasa itahitaji 75, na itatua. Kama uliipakia kamera nzito na betri ya ziada mpaka ikawa inatulia kwa asilimia 70, sasa itahitaji 105, na hiyo haipo. Mota sita zilizolemewa hazina tofauti na mota nne. Irushe ndege yako ikiwa na mzigo wote, itulie hewani dakika moja, kisha usome kumbukumbu zake uone inatumia asilimia ngapi. Namba hiyo iandike kwa wino mweusi juu ya karatasi.

Kwenye sensa, viwili si salama kama watu wanavyodhani. Sensa mbili zikitofautiana, kompyuta haijui ipi inasema kweli. Zikiwa tatu, mbili zinaweza kuikataa ya tatu. Ndiyo maana vidhibiti vya urukaji (kompyuta za ndege) vya daraja la juu hubeba sensa tatu za mwendo. Na angalia kilichojificha: GPS mbili zinazokula umeme wa waya mmoja ni GPS moja siku waya huo ukikatika.

Hatua ya 2: Ichagulie ndege mahali pa kuangukia

Kabla hujachora njia ya kazi, chora eneo la kuangukia. Ndege iliyo mita 60 juu ikizimika kabisa hufika chini kwa takriban sekunde tatu na nusu. Kama ilikuwa inakwenda mita 10 kwa sekunde, itaanguka hadi mita 35 mbele ya pale ilipozimikia, bila kuhesabu upepo. Kwa hiyo kumwondoa mtu aliyesimama chini yake hakutoshi. Mwondoe na yule aliye mbele yake.

Kijijini hili ni gumu, maana droni inavuta watoto kama gari la sinema. Mimi huanza kwa mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kijiji, nikamwonyesha kwenye ramani wapi ndege itapita na saa ngapi, na nikamwomba kijana mmoja anayesikilizwa na wenzake awe mlinzi wa watoto. Njia zangu hupita nyuma ya nyumba, juu ya mashamba, na kama lazima nivuke barabara naivuka kwa mkato wa moja kwa moja badala ya kuifuata. Shule ikitoka, ndege inashuka. Wenye kazi wakilalamika kwamba nachelewesha, nawaonyesha hesabu ya mita 35.

Hatua ya 3: Kagua kwa vidole, si kwa macho tu

Pwani adui ni chumvi. Haikuui siku ya kwanza. Inakaa kwenye viungo vya lehemu na pini za plagi, inaota kutu ya kijani, na siku moja mota inakosa waya mmoja kati ya mitatu.

Zungusha kila mota kwa mkono betri ikiwa haijachomekwa. Isikwaruze, isiwe nzito kuliko wenzake, na mhimili wake usicheze. Pitisha ukucha kwenye makali ya propela. Ufa usioonekana utaunasa. Propela yenye ufa haina kesi ya kusikilizwa, ivunje vipande viwili uitupe, asije mwenzako akaiokota na kuifunga tena. Vuta kila plagi taratibu. Bonyeza betri: ikiwa imevimba, hairuki, hata kama ni moja tu iliyobaki na mteja anasubiri. Mota ulizotua nazo sasa hivi zishike kidogo: moja ikiwa moto kuliko zote, kuna kitu kinaisumbua.

Kule Muhanga nchini Rwanda, ambako Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni mnamo Oktoba 2016, wafanyakazi huielekezea ndege kamera ya simu kabla ya kuirusha, na programu huthibitisha kwamba vipande vya bawa vinacheza inavyotakiwa. Sisi wenye ndege ndogo hatuna programu hiyo, lakini vidole tunavyo.

Hatua ya 4: Betri, na hesabu ya upepo

Seli moja ya lithiamu polima iliyojaa ni volti 4.20. Ya kuhifadhiwa iwe kati ya 3.80 na 3.85. Ikiwa kazini, chini ya mzigo, mimi huiambia ndege irudi seli zikifika 3.5, na itue hapo hapo ilipo zikifika 3.3. Kwa betri ya seli nne hiyo ni volti 14.0 na 13.2, kwa seli sita ni 21.0 na 19.8. Namba hizo ziweke kwenye BATT_LOW_VOLT na BATT_CRT_VOLT, kisha chagua kitendo cha kila kiwango. Viwango viwili, vitendo viwili. Ukiweka kimoja tu, umeiachia betri uamuzi.

Sasa upepo. Chukua ndege inayokwenda mita 10 kwa sekunde hewani, na kusi inavuma mita 7. Ukiituma umbali wa mita 600 upepo ukiisukuma mgongoni, itafika kwa sekunde 35 hivi. Kurudi, inabakiwa na mita 3 kwa sekunde, na mita zile zile 600 zinakula sekunde 200. Umeenda kwa nusu dakika na unarudi kwa dakika tatu na ushei, na betri uliyoiona imejaa ulipokuwa mwisho wa njia haitoshi. Kwa hiyo anza kazi upande upepo unakotoka, ili ndege ikichoka isukumwe nyumbani. Karibu kila ndege niliyoona imezama baharini ilikufa kwa kukosea hesabu hii, huku kila kifaa chake kikiwa kizima.

Seli moja ikifa ghafla dalili ni asilimia zinazoporomoka: ulikuwa na 60, ukapandisha nguvu kidogo, sasa ni 30. Hapa usibonyeze kurudi nyumbani. Kitu cha kwanza ndege hufanya ikiambiwa irudi ni kupanda mpaka kimo cha kurudia, kama iko chini yake, na kupanda ndiko kunakokula umeme kuliko kazi yoyote. Ishushe kwa mkono, polepole na bila kusita, ukiielekeza pembeni kidogo mpaka pale ulipochora kwenye hatua ya 2. Ndege iliyotua shambani kwa mtu inarudishwa kwa salamu na maelezo.

Hatua ya 5: Rimoti ikikatika

Hapa, kwa mara moja, kurudi nyumbani ndilo jibu sahihi, kwa sababu kila kitu ndani ya ndege ni kizima. Ila angalia mambo matatu.

La kwanza ni kimo. RTL_ALT, kigezo cha kimo cha kurudia, kwa kawaida huja kikiwa sentimita 1500, yaani mita 15. Mnazi mrefu hufika mita 25, hata 30. Ukiacha kigezo kama kilivyokuja, ndege yako itarudi nyumbani ikipitia kwenye makuti. Tafuta kitu kirefu kuliko vyote katika eneo lako, uwe mnazi, mvule au mnara wa simu, ongeza mita 10, weka namba hiyo. Badilisha kila unapohama eneo.

La pili ni kipokezi chenyewe. Vipo vipokezi ambavyo rimoti ikizimika huendelea kushika amri ya mwisho, na kompyuta ya ndege haijui kwamba umetoweka. Toa propela zote, washa mota, kisha zima rimoti. Skrini iandike kwamba kinga ya dharura imeamka. Isipoandika, usiruke siku hiyo.

La tatu ni la wenzangu wa mwambao: ukirukia kwenye chombo majini, "nyumbani" ni pale chombo kilipokuwa wakati mota zinawaka. Mkondo ukiwasogeza mita 200, ndege itarudi kwa uaminifu kabisa na kutua juu ya maji matupu.

Hatua ya 6: GPS na dira

Naomba hapa usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo kitufe cha kurudi nyumbani kinapoua.

Dira ya droni ni sensa ndogo inayosoma usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu. Paa la bati, zege lenye nondo, bodi ya gari, spika, hata waya mnene wa betri unaopita karibu, vyote vinaweza kuidanganya. Ukirukia juu ya boneti au kwenye sakafu ya zege, dira inaweza kuanza na uongo na kupata ukweli ndege ikishapanda mita tano, na kompyuta ikachanganyikiwa katikati. Rukia kwenye udongo au mchanga, simu na funguo zikiwa mbali. Waya wa chanya na wa hasi wa betri usokote pamoja, na GPS yenye dira iinuliwe juu ya mlingoti wake. Kabla ya kupanda, geuza ndege ukiwa umeishika: mshale kwenye ramani ugeuke nayo. Subiri pia mpaka nukta ya nyumbani iwekwe sawasawa. Ukiwa na haraka, ndege itakumbuka nyumbani pengine.

Dira ikiharibika angani, dalili ni hii: ndege uliyoiambia itulie inaanza kuchora duara, na duara linakua, kama maji yanayoishia kwenye tundu la sinki. Inajaribu kusahihisha kosa kwa kusukuma upande usio wenyewe. Ukibonyeza kurudi nyumbani wakati huo, unaiambia ikimbie kwa kasi kuelekea upande isioujua.

Fanya hivi. Hamisha swichi kwenda hali ya kushika kimo tu, ambayo skrini huandika AltHold, na kwenye droni nyingine huitwa ATTI. Hapo GPS na dira haziiamrishi tena ndege wapi ikae. Inashika kimo na usawa peke yake. Duara linakwisha papo hapo. Itaanza kuchukuliwa na upepo, na hilo ni sawa, maana upepo unaujua unakoelekea. Sasa jua inatazama wapi: sukuma stiki mbele kidogo, sekunde moja, uone imesogea upande gani. Igeuze mpaka mkia ukutazame wewe, kisha uilete kwa mkono. Usiangalie skrini. Angalia ndege.

GPS ikipotea yenyewe, ukiwa kwenye bonde, chini ya mti, au kwa sababu ya mwingiliano wa mawimbi, mikono inafanya kazi ile ile.

ArduPilot yenyewe ikigundua kwamba hesabu zake za mahali zimeharibika, kinga yake hutua pale ilipo. Shambani hilo ni sawa. Juu ya maji au mikoko ni kuipoteza. FS_EKF_ACTION ikiwekwa 2, badala ya kutua itahamia AltHold na kukukabidhi ndege. Weka 2 ikiwa tu umezoea kurusha bila GPS. Na kuzoea huko hakuji kwa kusoma: kila siku ya kazi, betri ya mwisho, mimi hutumia dakika tatu kurusha kwa AltHold nikiwa mita 10 juu, upepo ukivuma. Wanafunzi wangu huona ni kupoteza chaji mpaka siku wanapoihitaji.

Hatua ya 7: Mota au propela

Wakati fulani nilikuwa juu ya mikoko, mita 50, na droni ya mota sita. Ikaanza kuinamia upande mmoja kwa mkao ambao sikuuamuru, sauti ikabadilika ikawa nyembamba, na skrini ikaandika "Potential Thrust Loss", yaani msukumo huenda umepungua. Nilikuwa na tamaa ya kuirudisha mpaka ng'ambo nilipo, mita 400. Nikaishusha kwenye ufukwe wa tope mita 60 kutoka pale, ikatua kwa kuegemea mguu mmoja. Waya mmoja wa mota ulikuwa umeachia kwenye lehemu. Kutu ya kijani niliiona wiki moja kabla, nikaifuta kwa kidole na kuendelea na kazi. Ile ndege ingeweza kumwangukia mvuvi, na kosa lingekuwa langu lote. Tangu siku hiyo lehemu yenye kutu nailehemu upya jioni ile ile, kisha naifunika.

Kwa mota sita au nane, basi: usiizungushe ndege, maana nguvu ya kuizungusha ndiyo iliyopungua kuliko zote. Usipande. Punguza mwendo taratibu, iweke sawa, shusha kama mita 1 kwa sekunde kuelekea sehemu wazi iliyo karibu. Kushuka kwa kasi wima huifanya iingie kwenye upepo wake yenyewe ikatetemeka, kwa hiyo isogeze mbele kidogo inaposhuka.

Kwa mota nne, kazi yako ni watu. Piga kelele kwanza, "Inaanguka!", kisha zima mota kabla haijafika chini, ili propela zisimkate mtu. Kwenye droni za DJI mota huzimwa kwa kuvuta stiki zote mbili chini na ndani. Soma kwenye mpangilio wako kama amri hiyo inaruhusiwa wakati wowote au wakati wa hitilafu tu. Kwenye ArduPilot weka swichi ya kuzima mota mahali ambapo kidole hakiwezi kuigusa kwa bahati mbaya.

Hatua ya 8: Sensa za ndani

Adui mkubwa wa sensa za mwendo ni mtetemo, na mtetemo huletwa na propela isiyo sawa au skrubu iliyolegea. Kwenye kumbukumbu za ArduPilot tafuta VIBE: chini ya 30 ni salama, juu ya 30 huenda pakawa na tatizo, juu ya 60 karibu kila mara lipo. Barometa ifunike kwa kipande cha sponji, kwa sababu upepo na jua vinavyoipiga moja kwa moja huifanya idhani imepanda au imeshuka.

Mfano ninaoupenda zaidi uko mbali sana na hapa. Helikopta ndogo ya NASA, Ingenuity, ikiwa kwenye sayari ya Mirihi katika ruko lake la sita, tarehe 22 Mei 2021, ilipoteza picha moja ya kamera ya kuongozea sekunde ya 54. Picha zilizofuata zikawa na saa isiyo sahihi, ndege ikaanza kuyumba mbele na nyuma. Ilitua salama, kama mita 5 kutoka pale ilipokusudiwa, kwa sababu wahandisi walikuwa wameiachia nafasi kubwa ya uvumilivu, na sehemu ya mwisho ya kutua hawakuitegemeza kwenye kamera. Mwaka uliofuata sensa yake ya kupima mwinamo ikafa, na wakatuma programu mpya iliyofanya sensa nyingine ya mwendo ibebe kazi hiyo.

Jambo hilo la kutoitegemea kamera wakati wa kutua unaweza kuliiga leo hii. Tua kwa mkono mara kwa mara, mita 3 za mwisho, ili siku sensa ya kimo ikisema uongo uwe unajua ardhi iko wapi.

Hatua ya 9: Parachuti, kama unayo

Mwavuli unafaa kwa ndege nzito inayopita karibu na watu, nao una masharti. Mota zizimwe kwanza, la sivyo kamba zitajiviringisha kwenye propela. Uwe na umeme wake tofauti na betri kuu. Una kimo cha chini ambacho hauna muda wa kufunguka; soma cha mtengenezaji wako. Na unachukuliwa na upepo: kutoka mita 60, ukishuka mita 5 kwa sekunde, ni sekunde 12, na upepo wa mita 7 utaupeleka mita 84. Rudi kwenye mchoro wa hatua ya 2 uupanue.

Hatua ya 10: Ua vifaa makusudi

Kinga ambayo hujawahi kuiona ikifanya kazi usiihesabu. Propela zikiwa zimetolewa, chomoa GPS uone skrini inasema nini. Zima rimoti. Kisha, ndege ikiwa mita 10 juu ya uwanja mtupu na betri imejaa, pandisha kiwango cha chini cha volti kwa makusudi: kwa seli nne weka 15.6. Baada ya muda mfupi ndege itadhani imechoka na kuanza kurudi, nawe utajua inapanda kiasi gani na inapita wapi, huku ukiwa na umeme wa kutosha kuisimamisha. Rudisha kigezo kabla ya kazi; mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye rimoti mpaka nimekirudisha.

Mota usiiue angani. Kwa hilo kuna kielelezo cha ArduPilot cha kompyuta, kinachoitwa SITL, ambacho ni bure, na ndani yake unaweza kusimamisha mota yoyote uone ndege yako ya mota sita inavyohangaika.

Hatua ya 11: Ikishaanguka

Watu kwanza. Kama kuna aliyeumia, droni iache ilipo. Mtu akiumia au mali ikiharibika, toa taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya.

Betri iliyopigwa na kuanguka inaweza kuwaka dakika nyingi baadaye. Ichomoe kama inachomoleka bila kulazimisha, iweke kwenye ndoo ya mchanga nje, mbali na makuti na gari, uitazame nusu saa. Usiitie kwenye begi. Usiichaji tena, hata ikionekana haina mkwaruzo.

Kisha toa kadi ya kumbukumbu kabla hujagusa kingine chochote, na usiiwashe ndege tena "kujaribu tu". Tafuta mistari ya RCOU, amri zilizotumwa kwa kila mota. Mota iliyokufa huonekana wazi: amri yake inapanda mpaka mwisho, ile inayoikabili inashuka, na ndege inainamia upande wa iliyopanda, kwa sababu kompyuta ilikuwa inaiomba ifanye kazi nayo haisikii. Amri zote zikiwa zimepanda pamoja na volti kushuka, ni betri. Amri zikiwa shwari na ndege ikachora duara, rudi kwenye dira.

Ukishampata mkosaji, mbadilishe, na zikague zile zilizobeba mzigo wake. Mota iliyobeba mzigo wa mwenzake kwa nguvu zote mpaka chini, hata kwa sekunde thelathini, inaweza kuwa imeungua ndani kuliko inavyoonyesha nje. Funga mpya, zungusha kwa mkono, irushe mita 2 juu ya mchanga kwa dakika tano, ishushe, kisha ushike kila mota ulinganishe joto.